Bustani ya Jamaa: Mvula ndiyo mwalimu wa tomati



Mwezi huu tunasema juu ya jambo ambalo kila mama mwenye kuuza tomati analijua bila kufundishwa: tomati tamu hupasuka, na tomati isiyopasuka mara nyingi si tamu. Je, ni lazima iwe hivyo siku zote? Hapana, si lazima. Lakini dawa yake haiuzwi katika chupa. Iko ndani ya mbegu, na inaomba miaka mitatu ya uvumilivu. Nitawaelezea pia kosa langu mimi mwenyewe, kusudi ninyi msilirudie.

Mwaka ule mvula kubwa ya kwanza ilikuja usiku mmoja wa Novemba. Ilianza saa mbili, ikapiga mabati mpaka karibu na mapambazuko. Sisi tulilala vizuri sana, tukifurahi kwamba vumbi la kiangazi limekwisha. Asubuhi mama watoto alitangulia bustanini na beseni zake mbili. Nikasikia sauti yake:

— Mawe! Baba watoto, kuya uone! Tomati yote imepasuka!

Nikatoka mbio. Tomati zetu ndogo, zile tamu ambazo watoto walikuwa wanaziiba jioni, zilikuwa zimefunguka toka kwenye kikonyo mpaka chini kama midomo. Kufika saa sita mainzi yalikuwa yamejaa. Mama akazipeleka sokoni siku ileile, akauza mafungu kwa bei ya hasara, na zilizobaki tukazitia katika sosi juma lote. Pesa ile ndiyo tuliyokuwa tumeihesabu kwa masomo ya mtoto wetu wa nne. Akabaki nyumbani majuma mawili, akiona wenzake wakipita barabarani na kaye zao.

Ndipo nikaanza kuuliza: sababu gani?

Sababu gani tomati inapasuka?

Tunda la tomati ni kama mfuko wenye maji na sukari ndani. Mama akitia chumvi juu ya shu iliyokatwa, baada ya muda anaona maji chini ya sahani. Chumvi imeyavuta. Sukari nayo inavuta maji namna ileile. Wakati wa jua kali, udongo ukiwa mkavu, tunda linakua polepole, sukari inakusanyika ndani, na ngozi inakauka na kukomaa. Halafu mvula inakuja kwa ghafula. Mizizi inakunywa sana, maji yanapanda mpaka ndani ya tunda. Tena, matone yanayobaki juu ya tunda yanaingia kidogokidogo karibu na kikonyo. Nyama ya ndani inavimba kwa saa chache, lakini ngozi haiwezi tena kunyooka. Basi inapasuka.

Sasa mnaona kwa nini utamu na kupasuka vinatembea pamoja kama mapacha. Tunda lenye sukari nyingi linavuta maji kwa nguvu kupita lile lenye sukari kidogo. Na mkulima anayenyima maji kusudi tomati iwe tamu, ndiye anayeitayarisha kupasuka siku ya mvula.

Kuna mipasuko ya namna mbili. Wa kwanza unashuka toka kwenye kikonyo kama njia za kutoka kilimani. Huo ni mbaya kabisa, kwa kuwa unaingia ndani, nao unaleta mainzi na kuoza. Wa pili unazunguka kikonyo kama pete. Mara nyingi hauingii sana, na tunda linaweza kuliwa siku ileile. Mtu anayechagua mbegu atofautishe hizo mbili.

Wengine watasema: basi, tupande Roma tu. Ni kweli, Roma ni rafiki ya mama wa sokoni. Ilitolewa huko Marekani mwaka 1955 na watu wa wizara ya kilimo ya nchi ile, na miaka iliyofuata ikaongezewa nguvu, hata ikawa inashindana na magonjwa mawili ya kunyausha yatokayo udongoni. Ndiyo maana kwenye kopo mnasoma Roma VF: kila herufi ni jina la ugonjwa mmoja. Nyama yake ni nene, maji yake ni machache, ngozi yake ni ngumu. Inasafiri katika gunia juu ya baiskeli katika barabara mbovu na kufika nzima. Lakini mpe mtoto Roma mbichi, ataila nusu na kuacha nusu. Ni tomati ya sufuria. Sisi tulitaka tomati ya kuliwa mbichi, ile ambayo mnunuzi akionja moja mezani anafungua mfuko.

Watu waliotangulia

Shida hii si ya Katanga peke yake. Mwaka 1992 kampuni moja ya Japani, Tokita, ilileta tomati ndogo ya rangi ya machungwa, jina lake Sungold. Wakulima wa nchi nyingi wanaisifu kwa utamu wake, na haohao wanalalamika kwamba mvula ikinyesha inafunguka. Mwaka 1999 tomati nyingine ndogo, ndefu kidogo kama Roma, jina lake Juliet, ilipewa zawadi huko Marekani. Ilitoka kwa watengeneza mbegu wa Taiwan. Hiyo inavumilia mvula vizuri, lakini wenye ulimi mkali wanasema haifikii Sungold kwa sukari. Mnaona? Hata wenye vyombo vyote vya kazi wanavuta kamba ileile, huku utamu, huku ngozi.

Tena, hizo mbili ni mbegu za F1. Maana yake ni watoto wa kwanza wa baba na mama wasiofanana. Ukipanda mbegu ulizozitoa katika tunda la F1, wajukuu watatoka mchanganyiko. Wengi wanafikiri kwamba muuza mbegu amewadanganya. Hapana, ni sheria ya uzazi. Mtawa mmoja, Gregor Mendel, aliichunguza kwa maharagwe madogo ya njegere katika bustani ya monasteri yake huko Brno, nchi ya Cheki ya leo, na akaichapisha mwaka 1866. Chukua mfano wa tomati: unganisha nyekundu na ya manjano. Watoto wote watakuwa wekundu. Lakini katika wajukuu, karibu mmoja kwa kila wanne atarudi kuwa wa manjano. Rangi ile ilikuwa imejificha tu, haikufa.

Habari nyingine ndiyo iliyonigusa kabisa. Mwezi wa Desemba mwaka 1962 wataalamu wawili wa mimea toka Marekani, Hugh Iltis na Don Ugent, walikuwa katika milima ya Peru wakitafuta viazi vya porini. Huko wakaona mmea wa tomati ya porini, matunda yake ni madogo na ya kijani, si kitu cha kutia mezani. Hata hivyo wakachukua mbegu, wakazituma kwa mwalimu Charles Rick katika chuo cha Davis, California. Rick akauunganisha mmea ule na tomati kubwa nyekundu, akachagua wajukuu na vitukuu miaka mingi. Mwaka 1974 akaonyesha tomati nyekundu zenye sukari kupita zile alizoanza nazo. Sukari ilitoka katika tunda ambalo hakuna mtu angelinunua.

Niliposikia hayo nikaenda nyuma ya nyumba. Pale karibu na shimo la taka kulikuwa na zile tomati ndogo zinazojiotea zenyewe kila mwaka, ambazo tunazing'oa pamoja na majani. Nikaonja. Zilikuwa tamu sana, na zote zilikuwa zimepasuka. Nikasema: huyu ndiye mama. Na Roma atakuwa baba.

Namna ya kuunganisha

Vijana, kazi hii inaomba mkono mwepesi, na wasichana wanaojua kushona wanaishinda mara moja. Ua la tomati lina sehemu ya kiume na ya kike pamoja, na kwa kawaida linajizalisha lenyewe. Kwa hiyo lazima umwondoe mume kabla ya ndoa ya nyumbani.

Jioni tafuta ua la mti wa kike ambalo litafunguka kesho: majani yake yameanza kuwa manjano lakini bado yamefungwa. Kwa kibano kidogo cha kutolea miiba, ondoa polepole kile kibomba cha manjano kilicho katikati. Acha kile kijiti cha kijani kinachosimama peke yake. Kesho yake, saa ambapo umande umekauka, chukua ua lililofunguka la Roma, ligonge juu ya ukucha wako mpaka unga mdogo uanguke. Gusisha ule unga kwenye ncha ya kijiti. Rudia siku inayofuata. Funga uzi mwekundu, na uandike tarehe katika kaye.

Majuma sita mpaka nane baadaye tunda litaiva. Msishangae likifanana kabisa na matunda ya mama. Nyama ni ya mama, mtoto yuko ndani ya mbegu. Kamua mbegu na ute wake katika kikombe, ziache siku mbili au tatu mpaka ute uachane na mbegu. Osha vizuri, anika juu ya sahani kivulini, usianike juu ya karatasi kwa kuwa zitashikamana nayo.

Panda mbegu hizo. Watoto wote watafanana, na matunda yao yatakuwa karibu zaidi na udogo wa mama. Usichague kitu hapo, toa mbegu tu. Kazi yenyewe inaanza na wajukuu. Hao hawafanani hata kidogo: mmoja mrefu, mwingine mviringo, mmoja mtamu, mwingine maji matupu. Utamu na uvumilivu wa ngozi haviongozwi na kitu kimoja kama rangi, vinaongozwa na vingi pamoja. Kwa hiyo panda wajukuu wengi kadiri unavyoweza. Sisi tulipanda 48, matuta manne, kila tuta miti 12. Mwenye kupanda sita tu anaweza asimwone yule anayemtafuta.

Kosa langu

Sasa kosa lenyewe. Katika wale wajukuu 48, baada ya mvula ya Novemba, karibu wote walipasuka, wengine sana, wengine kidogo. Lakini mmoja, mwisho wa tuta karibu na ukuta wa nyumba, alibaki mzima kabisa, na matunda yake yalikuwa matamu. Nilifurahi kama mtu aliyeokota zahabu. Nikamwonyesha jirani, nikamwonyesha katekista. Sikuchukua mbegu ya mwingine ye yote. Mbegu za yule mmoja tu nikaziweka katika chupa ya dawa.

Mwaka uliofuata nikapanda tuta mbili nzima za watoto wake, katikati ya bustani. Mvula ikaja. Asubuhi yake mama watoto hakupiga kelele. Alisimama tu, mkono kiunoni. Zote zilikuwa zimefunguka.

— Baba watoto, akasema, ule muti ulikuwa chini ya bati. Mvula haikuufikia.

Alisema kweli. Bati la nyumba linatokeza pale karibu mita moja, na udongo wa chini yake ulikuwa mkavu hata siku ya mvula kubwa. Mti ule haukushinda mtihani. Haukufanya mtihani. Nami nilikuwa nimepoteza mwaka mzima na matuta mawili ya tomati ambazo mama angeuza, kwa sababu niliangalia tunda zuri bila kuangalia mahali liliposimama.

Tangu siku hiyo tuna sheria mbili katika bustani yetu.

Ya kwanza: kila tuta lina mashahidi wawili. Katikati ya miti tunayoijaribu tunapanda Roma mmoja na tomati ndogo mmoja wa shimo la taka. Baada ya mvula tunaanza na mashahidi. Ile ndogo isipopasuka, maana yake tuta lile halikupata mvula ya kutosha, na hukumu inangoja. Roma akipasuka, maana yake mvula ilizidi, na hatutaihukumu miti mingine kwa ukali. Mashahidi wakisema vile tunavyowajua, ndipo tunaihesabu miti mingine.

Ya pili: hatuchagui tunda, tunachagua mti. Tunda moja zuri linaweza kuwa limejificha chini ya jani. Katika kila mti tunaacha matunda kumi yaliyoiva, na siku ya pili baada ya mvula tunahesabu mangapi yamepasuka, ya njia na ya pete. Katika kaye tunaandika, tuseme: “Mti 17: matunda 10, njia 1, pete 2.” Mtoto wa darasa la nne anaweza kuifanya kazi hii, na anaifanya kwa haki kupita baba yake, kwa kuwa yeye hana mti anaoupenda.

Hapa iko sehemu ngumu kwa jamaa yenye njaa ya pesa. Mtu akiona mawingu ya mvula anakimbia kuchuma kila kitu kusudi aokoe. Ni akili nzuri kwa tomati za soko. Lakini kwa matuta ya mbegu, ukichuma kabla ya mvula umefukuza mwalimu siku ya mtihani. Mimi na mama watoto tulibishana sana juu ya hayo. Mwisho tulipatana: matuta ya soko ni yake, anachuma anapotaka. Matuta mawili ya mbegu hayaguswi mpaka tuhesabu. Hasara ya matunda yale tunaiita karo ya masomo ya tomati.

Wakati wa kiangazi, mvula ikiwa mbali, unaweza kufanya mtihani mdogo. Watu wa vyuo nao huzamisha matunda ndani ya maji na kuhesabu yanayopasuka. Chukua matunda kumi yaliyoiva ya kila mti, yatie jioni katika beseni ya maji safi, kila mti na beseni yake, hesabu asubuhi. Si sawasawa na mvula, lakini inaondoa mapema miti iliyo zaifu kabisa.

Hukumu ya ulimi

Tusisahau utamu. Mtu anayeangalia ngozi peke yake atapata mwisho wake tomati yenye kiatu. Jambo hili linatokea sana: miti isiyopasuka mara nyingi ina ngozi ngumu, na mtoto anatafuna, anatafuna, kisha anatema. Kwa hiyo tunahukumu mambo matatu, si mawili: mpasuko, sukari na ngozi.

Wenye vyombo wanapima sukari kwa kioo kidogo: wanatia tone la maji ya tunda na kusoma namba. Tomati ya kawaida inasoma karibu 4 au 5, tomati ndogo tamu inaweza kufika 8 na kupita. Sisi tunatumia watoto. Kata matunda vipande, kila sahani na namba yake, asijue mtu namba ni ya mti gani. Wanywe maji kidogo kati ya kipande na kipande. Onjeni tomati za siku moja, zilizoiva sawasawa, kwa kuwa siku moja ya jua inabadilisha ladha. Mwaka ule wa tatu binti yetu wa miaka tisa alionja akasema:

— Papa, namba saba iko sukari tupu. Lakini ngozi yake inabakia mu kinywa sawa plastiki. Namba kumi na moja njo muzuri.

Namba saba ndiyo iliyokuwa imeshinda mvula kupita zote, nami nilikuwa nimeipenda kimoyomoyo. Namba kumi na moja ilipasuka matunda mawili kwa kumi. Tulichukua mbegu za zote mbili, na za wengine watatu. Hilo ndilo shauri langu: usichukue mbegu za mti mmoja tu, chukua za mitano iliyo bora, panda kumi ya kila mmoja, na uhukumu tena. Kila kizazi watoto wa mti mmoja wanazidi kufanana. Kizazi cha sita mpaka cha nane wanatulia, na hapo mbegu yako ni yako kweli: ukipanda, inatoka ileile.

Hesabu ya wakati ni hii. Toka mbegu mpaka tunda lililoiva ni karibu miezi minne. Ukimwagilia vizuri, mwaka mmoja unakupa vizazi viwili. Kizazi kimoja unapanda mwezi wa tatu, kinazaa katika kiangazi. Hicho ni cha kuonja na kuzidisha mbegu. Kingine unatia mbegu katika kitalu mwisho wa mwezi wa saba, unahamisha miche mwisho wa mwezi wa nane, na matunda yanaiva Novemba, mvula inapoanza. Hicho ndicho cha mtihani. Usichelewe kupita hapo, kwa sababu katikati ya mvula ugonjwa wa majani unaweza kumaliza miti yote kabla ya hukumu. Vizazi sita, basi, ni miaka mitatu. Mwenye shamba dogo agawane na wenzake: kundi la vijana wa jamaa sita, kila jamaa tuta moja lenye mashahidi wake, na kaye moja ya wote.

Wakati tunapongoja

Mama anayesoma hapa atasema: miaka mitatu, na watoto watakula nini kesho? Ana haki. Kwa matuta ya soko fanyeni hivi. Mwagilieni kidogo mara nyingi, msiache udongo ukauke siku nyingi halafu mkamwaga ndoo kwa mara moja. Funikeni udongo kwa majani makavu, kusudi maji yasipungue wala kuzidi kwa ghafula. Msikate majani yote yanayofunika matunda. Na mawingu yakikusanyika, chumeni tomati zilizoanza kubadilika rangi, hata kama bado hazijawa nyekundu. Zitaivia ndani ya nyumba juu ya mkeka kwa siku chache, na tofauti ya utamu itakuwa ndogo sana. Wekeni mbali na jua. Hayo hayabadilishi mbegu, lakini yanaokoa beseni.

Sasa tumefika kizazi cha tano. Tomati yetu ni ndogo kupita Roma, kubwa kupita ile ya shimo la taka, ina umbo la yai la njiwa. Bado haijatulia: katika miti kumi, miwili au mitatu inarudia tabia ya nyanya yao na kufunguka. Lakini Novemba iliyopita, baada ya mvula iliyopiga usiku kucha, mama watoto alitangulia bustanini kama desturi yake. Nilingoja kitandani kusikia sauti. Sikusikia kitu. Nilipotoka nilimkuta ameinama, beseni moja imejaa, anahesabu polepole kwa kidole, na yule wetu wa nne anaandika katika kaye.

— Ngoja, akaniambia bila kuinua kichwa. Usinisumbue, niko namba kumi na moja.

Kazi ya mwezi huu kwa vijana

Zungukeni nyuma ya nyumba na karibu na mashimo ya taka ya mtaa wenu. Tafuteni tomati zinazojiotea. Onjeni kila mti, andikeni mahali ulipo na ladha yake, tena kama uko kwenye mvula au chini ya bati. Chukueni mbegu za miti mitatu iliyo mitamu kabisa, hata kama imepasuka. Msing'oe kitu kabla ya kuonja.

Maswali ya kuzungumza katika jamaa: Sababu gani mti uliokuwa chini ya bati ulinidanganya? Katika nyumba yenu, ni nani mwenye ulimi wa kuhukumu bila upendeleo? Na ni tuta gani mnaweza kuliacha bila kuligusa mpaka mvula ipite?

Mwezi ujao tutasema namna ya kuweka mbegu za maharagwe zisiliwe na wadudu. Kaeni salama.